Mraba wa Njano

Picha mia mbili na kumi na nne.
Nimezipakia zote Jumatano ya Majivu,
viatu bado vina tope la barabara ya Markovci,
na mashine, kabla sijakaa sawasawa,
imekwisha kututambua.

Huyu Nežka? Ndiyo. Ni mimi, mdomo wazi, andazi la jamu mkononi.
Huyu Bojan wa duka la rangi? Ndiyo.
Huyu pia Bojan? Nikataka kukataa, ni mtoto wake yule;
kumbe ni picha ya ukutani, nyuma ya kaunta,
Bojan wa mwaka themanini na tisa.
Nikacheka peke yangu.

Kwa makurenti ndipo ilipogonga mwamba.
Manyoya ya kondoo kutoka utosini hadi magotini,
ulimi mwekundu unaning'inia kifuani,
kengele tano kiunoni, nzito kama mashoka,
za kuitimua baridi ivuke mto Drava isirudi.
Hapo hakuna jicho wala kidevu cha kupima.
Ikapita kimya.
Kisha ikazungushia ndoo mraba, ikauliza: Huyu ni nani?

Picha ya mia na sitini na moja:
Mama yuko mlangoni, anamfungia kurenti leso mkandani,
ile ya maua ya samawati,
mkono wa pili umeshika mwimo kwa sababu ya nyonga.
Ya mia na sitini na tatu:
Bojan anapasua chungu, watoto wanaziba masikio,
na kule nyuma, kando ya trela,
kurenti mmoja amefunua kichwa kidogo ajifute jasho.
Uso wenyewe hauzidi punje ya dengu.
Mimi nisingeuona.

Mraba mwembamba wa njano.
Tadej?

Miaka kumi na moja.
Tangu matanga ya Baba, tangu lile shamba la mizabibu
na maneno yaliyosemwa mbele ya notari,
jina hilo halijatamkwa kwa meza yetu.
Tunasikia yuko Graz, anafunga lifti.
Tunasikia, basi.

Mashine imemjuaje? Nimeilisha mwenyewe.
Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa na mafua na skana ya kuazima,
nikatoa boksi la viatu chini ya kitanda cha Mama:
Tadej na meno mawili, Tadej na komunyo,
Tadej amenuna juu ya trekta.
Uso umeumbwa na haya, husemwa.
Lakini hiki kitu kimeumbwa na nini,
kinachomfunua mtu pale alipodhani anafuta jasho tu?

Nikaukuza uso ule mpaka ukawa vigae.
Mkandani, leso. Maua ya samawati.

"Ile yangu ya mlangoni imetoka?" Mama akauliza,
akaja na miwani yake na harufu ya vitunguu.
Sikuwahi kuufunga ukurasa.
Hakuutazama mraba. Alitazama leso,
akaigusa kwa ukucha, kioo kikatetemeka.
"Mwaka jana nilimpa ya kijani," akasema.
"Mwaka juzi sikuwa na nzuri, nikampa ya baba yake."
Nikamuuliza alijuaje, na ngozi zote zile.
"Anaruka kwa mguu wa kushoto kwanza.
Tangu alipoanguka ghalani. Kwani wewe hukumbuki?"
Akarudi kwenye supu.

Sikukumbuka.

Na mashine bado inangoja: Tadej? Ndiyo. Hapana.
Nikisema ndiyo, itamwandikia papo hapo,
umeonekana, umetajwa, tazama,
na simu yake italia huko Graz, ndani ya shimo la lifti,
na mwakani uani kwetu
watakuja makurenti saba badala ya wanane.

Nikabonyeza Hapana.

Asante, ikajibu. Majibu yako yananisaidia kujifunza.
Ikaniletea tena ile ndoo.